Vitenzi Vilivyosahauliwa: Uhakiki wa Istilahi za Mwendo wa Vitu Katika Seli Hai

Yako mashtaka ya siku nyingi juu ya Kiswahili, ya kwamba lugha hii haiwezi kubeba elimu ya viumbe kwa kuwa haina maneno ya kutosha. Jibu la watetezi wake limekuwa, mara zote, kuleta maneno. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1930 ilileta maneno. Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, kikaleta mengine. Na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, likaongeza yake. Kazi hiyo si haba, wala haifai kubezwa. Lakini anayezipitia orodha hizo kwa makini ataona jambo moja: kwa sehemu iliyo kubwa ni orodha za majina. Vitenzi vimeachwa vijitafutie njia.

Katika baadhi ya elimu hasara ya jambo hilo ni ndogo. Mwenye kuorodhesha mifupa ya mwili au sehemu za ua hana haja kubwa ya vitenzi. Lakini yako masomo ambayo ndani yake jina halisemi kitu, na kitenzi ndicho chenye elimu yote. Na somo la jinsi vitu vinavyoingia na kutoka katika seli hai ni la mbele miongoni mwa hayo. Mwanafunzi akipewa jina osmosisi, amepewa kibandiko. Akiambiwa maji hufanya nini, hapo ndipo anapofundishwa. Na anachoambiwa, tangu shule ya msingi, ni sentensi iliyozoeleka kiasi cha kutosikika tena: mizizi hufyonza maji na chumvichumvi kutoka ardhini.

Sentensi hiyo yastahili kuhakikiwa kama unavyohakikiwa ubeti wa shairi, neno kwa neno, maana imekaririwa na watu wengi kuliko ubeti wowote. Na mahali pazuri pa kuihakiki ni Bukoba na Muleba, ambako watu wanaishi kwa mgomba, kahawa na samaki, na ambako udongo wenyewe, kama itakavyoonekana, unaikanusha nusu ya sentensi.

Kufyonza ni kuvuta kitu cha majimaji kwa mdomo. Ni ndugu wa kunyonya, na tofauti yao ni ndogo: mtoto hunyonya ziwa, nyuki hufyonza ua, mbu hufyonza damu. Katika yote hayo yupo mvutaji mwenye kiungo cha kuvutia, na kipo kivutwacho kisicho na hiari. Mbu hasa ana misuli kichwani iliyo kama pampu, na kitenzi kinamfaa sawasawa. Tena tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 mzizi wa -nyonya umebeba harufu ya siasa. Unyonyaji ni dhuluma, na mnyonyaji ni kupe. Mzizi wa mmea, basi, unaingia darasani ukiwa na sura ya kupe aliyejishika ardhini. Sura hiyo huvutia, lakini si kweli kwa seli ya mzizi, kwa kuwa seli hiyo haina mdomo, wala msuli, wala haifanyi kazi yoyote ili maji yaingie.

Maji huingia kwa sababu nyingine. Ndani ya seli mna vitu vingi vilivyoyeyuka, chumvi na sukari na vinginevyo, kuliko katika maji ya udongoni. Utando wa seli huyaruhusu maji kupita, lakini huvizuia vingi katika vitu hivyo. Basi maji, ambayo molekuli zake hazitulii hata dakika moja, hupita pande zote mbili. Ila yanayoelekea kwenye vitu vingi vilivyoyeyuka huzidi yanayorudi. Hakuna anayeyavuta. Padri Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliliona jambo hili mwaka 1748, alipofunika chombo cha kileo kwa kibofu cha mnyama na kukizamisha katika maji; kibofu kikavimba kwa maji yaliyoingia bila kusukumwa na mtu. Mwenzake wa nchi hiyohiyo, Henri Dutrochet, alilipa jambo hilo jina katika mwaka 1826, na Thomas Graham wa Uingereza akalirekebisha jina hilo mwaka 1854. Kiswahili kina kitenzi tayari, nacho ni kufuata. Maji hufuata chumvi. Maji hufuata sukari. Anayefuata huenda kwa miguu yake mwenyewe, na mwelekeo wake huamuliwa na kile alichokifuata. Kitenzi hiki kinatoa mwelekeo bila kutoa mvutaji, na ndicho kinachotakiwa.

Sasa itazamwe nusu ya pili ya sentensi, ile ya chumvichumvi. Mji wa Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ukanda wote wa kando ya ziwa hadi Muleba ni wa mvua nyingi. Mvua hiyo, miaka nenda miaka rudi, imeosha udongo na kuchukua madini yake chini. Ndiyo sababu nyika za majani ziitwazo rweya ni maskini, na ndiyo sababu kibanja, lile shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, huishi kwa samadi ya ng'ombe na matandazo ya nyasi yanayoletwa kutoka rweya hiyohiyo. Katika udongo wa namna hii maji ya udongoni yana madini machache mno, ilhali seli za mzizi zinayo mengi. Kama potasiamu ingeachwa ifuate njia yake, ingetoka mzizini kwenda ardhini, kwa kuwa kila kitu kilichoyeyuka huelekea penye uchache. Lakini mgomba, ambao una tamaa ya potasiamu kupita mimea mingi, huipata. Huipata kwa kuilipia. Seli hutumia nguvu iliyotokana na chakula chake kuiingiza.

Hivyo, katika sentensi moja fupi, kitenzi kimoja kimefunika matendo mawili yaliyo kinyume. Maji huingia yenyewe, madini huingizwa. La kwanza halina gharama, la pili lina gharama. Mwanafunzi wa Muleba akimaliza shule ya msingi na kuingia sekondari, ambako somo hili kwa kawaida limefundishwa kwa Kiingereza, hukutana na majina mawili tofauti kabisa kwa matendo ambayo yeye alipewa kitenzi kimoja. Atayakariri yote mawili, na kichwani mwake yote mawili yatakuwa ni kufyonza. Kisha lawama huangukia Kiswahili, kwamba hakina utambuzi. Utambuzi Kiswahili kinao, tena katika mahali pake pa ndani kabisa, katika mnyambuliko wa kitenzi. Ingia na ingiza, pita na pitisha, toka na toa, penya na penyeza: kila jozi hutenganisha kilichokwenda chenyewe na kilichopelekwa. Kauli ya kutendesha ndiyo istilahi iliyokuwa ikitafutwa. Haikuonekana katika orodha kwa kuwa orodha zilitafuta majina.

Haki yadai kitenzi kufyonza kisifukuzwe bila kusikilizwa. Mgomba una majani mapana, na mchana wa jua maji hutoka majanini kwa wingi kama mvuke. Kutoka kwake huvuta uzi wa maji uliomo katika mishipa ya mti, kuanzia jani hadi mzizi, na hapo neno kuvuta ni sahihi, na kufyonza si mbali sana. Mkosoaji mkali angeweza kusema kwamba mgomba mzima hufyonza ingawa seli yake haifyonzi. Lakini jambo hilo lina upande mwingine. Aliyekata mgomba wakati wa unyevu ameona maji yakichuruzika katika kisiki, ambacho hakina hata jani moja la kuvuta. Pale mzizi umejaza madini katika mishipa, maji yameyafuata, na yamejisukuma juu yenyewe. Kwa kisiki hicho kufyonza ni neno lisilo na pa kusimama.

Mkulima naye ana kitenzi chake kinachohitaji kutazamwa. Mbolea ya chumvichumvi ikiwekwa nyingi karibu na mche, mche hukauka pembeni mwa majani, na hapo husemwa kwamba mbolea imeuunguza. Ni neno zuri la macho, lakini halielezi. Hakuna moto wala ukali unaochoma. Vitu vilivyoyeyuka vimekuwa vingi nje kuliko ndani, na maji yaliyokuwa mzizini yameyafuata nje. Aliyefundishwa kwamba mzizi hufyonza hawezi kulipata jambo hili, kwa kuwa mfyonzaji hageuki akafyonzwa. Aliyefundishwa kwamba maji hufuata hupata majibu yote mawili kwa kanuni moja.

Afadhali neno kunyauka. Ugonjwa wa migomba ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, ukaangamiza vibanja vingi, wataalamu wa Kiswahili wameuita mnyauko, na wakulima wengi huuita unyanjano. Unyanjano wataja rangi, yaani alama. Mnyauko wataja tendo: bakteria hujaa katika mishipa ya maji, seli za jani hukosa maji ya kuzitunisha, na jani hulegea. Hapa wataalamu walianza na kitenzi ndipo wakalipata jina, na jina likawa na elimu ndani yake. Ni mfano wa nadra wa kazi iliyofanywa kwa mpango unaofaa.

Kutoka shambani mtu hafiki mbali kabla ya kukuta somo zima likitendeka. Ndizi za pombe huvundikwa ziive kabla ya kukamuliwa rubisi. Wanga wa ndani ya ndizi hugeuka sukari, na sukari huongezeka katika nyama ya ndizi upesi kuliko katika ganda. Maji yaliyomo gandani huifuata. Ganda huwa jembamba na kumenyeka kwa wepesi, na nyama hujaa majimaji. Kila mtengeneza pombe hujua kwa vidole kwamba ndizi mbivu ina ganda dogo. Hakuambiwa na mtu kwamba maji ya ganda yamehamia ndani, wala kwamba hiyo ndiyo osmosisi ya kitabuni. Ni vigumu kupata mfano ulio bora kuliko huo, na bado vitabu hupendelea kipande cha kiazi katika sahani ya maji ya chumvi, kwa kuwa ndicho kilichokuwamo katika vitabu vya Ulaya.

Katika kuvundika huko mna tendo la pili. Ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huiivisha ndizi ya jirani. Ndiyo maana hufunikwa pamoja. Ethilini haina haja ya mlango. Hupita katikati ya mafuta ya utando wa seli kama moshi upitavyo katika makuti. Kitenzi chake ni kupenya, nacho ni kitenzi kizuri kikitumiwa kwa vitu vya namna hiyo peke yake, yaani oksijeni, kaboni dioksidi, ethilini na kileo. Kileo kina sehemu yake katika mfano huu: rubisi ikishakamuliwa na kutiwa unga wa mtama, hamira huanza kazi. Sukari huingia katika seli ya hamira kwa kupitia milango iliyowekwa kwa ajili yake, kwa kuwa molekuli yake ni kubwa na haipatani na mafuta. Kileo kilichotengenezwa ndani hutoka kwa kupenya. Yaani seli moja, katika mtumbwi mmoja wa pombe, ina kupitia na ina kupenya. Waandishi wanaotumia kupenya kwa vyote wamelivunja neno zuri.

Hapo ndipo linapokuja swali la utando. Majina mawili yameshindana: utando na kiwambo. Kiwambo ni ngozi iliyowambwa, kavu na yenye kukaza, kama ya ngoma. Utando ni ile ngozi laini inayokaa juu ya maziwa yaliyopoa au uji uliolala. Katika mwaka 1925 Gorter na Grendel walionyesha kwamba seli imezungukwa na tabaka mbili za mafuta, na mwaka 1972 Singer na Nicolson wakaeleza kwamba mafuta hayo ni ya majimaji, na protini zimo ndani yake kama vitu vinavyoelea. Kwa maelezo hayo utando umeshinda bila ubishi. Ni wa mafuta, ni laini, hujifunga ukitobolewa kidogo. Aliyechagua neno hili, kama alikuwa akifikiria maziwa, alikuwa na jicho. Na kama hakuwa akifikiria maziwa, lugha ilimfikiria yeye.

Bahati hiyo haikufika kwenye sifa ya utando. Mwenye kutafsiri neno kwa neno kutoka lugha za Ulaya huandika kwamba utando hupitisha kwa nusu, au ni nusu-penyefu. Nusu ya nini? Utando haupitishi nusu ya maji na kuzuia nusu. Hupitisha hiki na kukataa kile. Kiswahili kina neno kuchagua, na bawabu anayechagua wageni haitwi nusu-bawabu. Utando mchaguzi, au utando unaochagua, ni usemi mfupi na wa kweli. Hata maji yenyewe yana milango: mwaka 1992 Peter Agre na wenzake walithibitisha kwamba protini iliyokuja kuitwa akwaporini ni njia ya maji katika utando, na kwa hiyo akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Maji hupenya kidogo katika mafuta, lakini katika seli nyingi hupitia milango hiyo kwa wingi mkubwa. Kwa hiyo kupitia, kwa kauli ya kutendea, lazima kiwe kitenzi cha mlango, na mlango utajwe: maji hupitia akwaporini.

Kwa tendo lenye gharama pana neno pampu, ambalo limekwisha kukaa katika Kiswahili na halina haja ya kutolewa. Jens Skou wa Denmark aliitambua mwaka 1957 protini ambayo hutoa ayoni 3 za sodiamu nje ya seli na kuingiza 2 za potasiamu ndani kwa kila mzunguko, na tuzo yake ilimfikia baada ya miaka 40, mwaka 1997. Katika kulieleza jambo hilo Kiswahili hakihitaji zaidi ya silabi zake: sodiamu hutolewa, potasiamu huingizwa. Kauli ya kutendwa yaonyesha kwamba kuna mtenda, na msomaji huuliza mara moja, na nani? Na jibu ni pampu. Mwandishi akiandika sodiamu hutoka, amesema uwongo kwa kukosa silabi mbili.

Pamoja na kitenzi inahusika ngeli ya mahali, ambayo Kiswahili cha bara kimeanza kuizembea. Lugha hii hutofautisha pa-, ku- na m-. Na m- ni ya ndani. Selini mna chumvi nyingi, nje kuna chumache: hapo ndani na nje vimekwisha tengwa na kiambishi, bila neno la ziada. Mtoto wa Kihaya hana taabu na jambo hilo, kwa kuwa nyumbani husema omu nju kwa maana ya ndani ya nyumba, na mu hiyo ndiyo m- ya Kiswahili. Lakini vitabu vya sayansi huandika kwenye seli kuna, na kwenye yaweza kuwa juu ya seli, karibu na seli au ndani yake. Katika somo ambalo kiini chake ni ndani na nje, uvivu huo ni mkubwa kuliko kukosa istilahi kumi.

Jambo lingine linalochanganywa ni uhai. Kahawa ya kutafuna ya Bukoba, ambayo tangu zamani mgeni hukaribishwa nayo, hutengenezwa kwa kuchuma buni zikiwa bado hazijaiva, kuzichemsha pamoja na majani ya harufu nzuri, na kuzianika juani. Harufu ya majani huingia katika kahawa. Mwalimu anayetafuta mfano wa karibu angeweza kuushika huu, na angekosea, kwa kuwa maji ya moto huua seli na kuuharibu utando. Baada ya hapo hakuna wa kuchagua, na kila kitu huingia. Kitenzi cha kitu kilichokufa ni kulowa. Kitambaa hulowa, kuni hulowa, kahawa iliyochemshwa hulowa. Kilicho hai hakilowi. Hupitisha na kukataa.

Samaki wa Muleba wana somo lililo gumu zaidi. Katika visiwa vya Bumbire na Goziba, kama katika mialo mingine ya ziwa, sangara hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa wawe kayabo, ambao husafirishwa hata Kongo. Maji hutoka katika nyama na kuifuata chumvi. Lakini nyama imekwisha kufa, na utando wake haufanyi kazi kama zamani. Mahali ambapo osmosisi ya viumbe hai hutendeka kweli ni katika seli za bakteria waliojishika juu ya nyama: maji yao hutoka, nao hushindwa kuzaana, na ndiyo sababu kayabo haozi. Na sangara huyohuyo alipokuwa hai ziwani alikuwa katika hali iliyo kinyume. Damu yake ina chumvi kuliko maji ya ziwa. Maji humwingia mchana na usiku kupitia matamvua, naye hulazimika kuyatoa kwa mkojo mwingi, huku matamvua yakiingiza chumvi kwa pampu. Samaki wa Kilwa au Lamu hufanya kinyume: maji humtoka, hunywa ya bahari, na kuitoa chumvi. Kiswahili kilizaliwa kando ya maji ya chumvi, kikapanda hadi maji baridi. Mwalimu angeweza kuliweka somo zima juu ya samaki hao wawili asipungukiwe na kitu.

Yote hayo yaweza kuonekana ni ubishi wa wasomi juu ya maneno. Basi itazamwe dawa ya kuharisha. Mtoto anayeharisha katika kijiji cha Kamachumu au Kashozi hupoteza maji kwa kuwa chumvi humwagika utumboni na maji huifuata. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza kwamba katika seli za utumbo sukari ya glukosi na sodiamu hupitia mlango mmoja, tena huingia pamoja. Zikiingia, maji huzifuata, na mtoto hupona kiu ya mwili hata kabla kuharisha hakujakoma. Ndiyo asili ya maji ya chumvi na sukari. Kinyume chake pia ni kweli: mchanganyiko ukizidi, vitu vilivyoyeyuka huwa vingi utumboni kuliko katika damu, na maji hutoka mwilini kwenda utumboni. Ndiyo sababu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza nguvu ya mchanganyiko huo kutoka mili-osmoli 311 kwa lita hadi 245.

Mama akiambiwa kwamba chumvi hunyonya maji, ataona ni ukatili kumpa chumvi mtoto aliyekaukiwa. Akiambiwa kwamba chumvi huzuia maji yasitoke, ataongeza kijiko cha pili ili izuie zaidi, na kwa kijiko hicho mtoto atazidi kukauka. Akiambiwa kwamba maji hufuata chumvi na sukari mahali zinapokwenda, amepewa sababu ya kuzitia na sababu ya kutozizidisha, kwa sentensi moja, bila istilahi hata moja. Hapa tofauti ya vitenzi vitatu inapimwa kwa vijiko, na anayekosea si mtahiniwa.

Hospitalini mna tatizo dogo la namna hiyo. Maji ya dripu yana chumvi asilimia 0.9, kwa sababu damu ikitiwa maji matupu, maji huingia katika seli zake nyekundu mpaka zipasuke. Hazina ukuta wa kuzishika kama seli za mgomba. Muuguzi huziita chembe nyekundu, mwalimu huziita seli, na wengi hudhani ni vitu viwili. Chembe ni punje, kitu kigumu kama mchanga, kisicho na ndani. Seli ni neno la kukopa. Asili yake ni chumba kidogo, kama Robert Hooke alivyokiona katika gamba la mti mwaka 1665, ingawa alichokiona kilikuwa kimekwisha kufa. Kwa somo la kuingia na kutoka, neno lenye chumba ndani yake lashinda neno lenye punje, na chembe hai, pamoja na uzuri wa sifa yake, haifai hapa.

Wako watakaouliza, ikiwa vitenzi vya kienyeji vyatosha, osmosisi ya nini? Jibu ni kwamba jina la kukopa halina dhambi. Osmosisi yaeleweka Nairobi, Kampala na Bukoba, na mwanafunzi ataikuta katika lugha nyingine bila kupotea. Kuunda jina jipya la Kibantu mahali pake, kama upenyezo au ufyonzo, ni kupoteza urahisi huo na kuongeza kosa, maana moja latia mpenyezaji na jingine latia mdomo. Jina na libaki geni. Kitenzi kiwe cha nyumbani, na kiwe cha kweli. Osmosisi ni mwendo wa maji yanayofuata vitu vilivyoyeyuka kupitia utando unaochagua. Maelezo hayo hayana neno lisilojulikana isipokuwa lile linaloelezwa.

Limebaki tendo moja ambalo vitabu hulikwepa. Vitu vikubwa visivyopita mlangoni seli huvizunguka kwa utando wake na kuviingiza vikiwa katika kifuko, na kwa hilo kumeza ni neno lisilo na upinzani. Chembe nyeupe, au tuseme seli nyeupe, humeza bakteria. Kwa tendo la kutoa, vifuko vinapofika utandoni na kumwaga vilivyomo, maneno mawili hujitokeza. Kutapika kungekuwa kinyume cha kumeza, lakini kutapika ni kwa ugonjwa, na hutoa kile kilichomezwa. Seli ya kongosho inayotoa insulini haijaugua wala haikuimeza insulini hiyo, imeitengeneza. Nyoka hutema sumu aliyoitengeneza mwenyewe. Seli ya kongosho, basi, hutema insulini.